Shuka za Ukurasa wa Kumi na Moja

BIBI: Haloo? Ni nani? Subiri, subiri kwanza, mikono yote povu... [Anajifuta kiunoni, simu inataka kumponyoka.] Haloo!

KALAMU: Bibi, ni mimi.

BIBI: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

KALAMU: Kalamu. Mjukuu wako. Jina halitokei hapo?

BIBI: Litatokeaje, miwani iko ndani na jua limekalia kioo. Kwani leo si Ijumaa?

KALAMU: Ijumaa, ndiyo. Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba.

KALAMU: Mbona marahaba yenyewe kavu hivyo? Leo mimi si mke mwenzio?

BIBI: Mke mwenzangu ni yule anayepiga Jumapili. Huyu wa Ijumaa simjui. Hujambo?

KALAMU: Sijambo. Nimeona tu nikusikie. Umeshaamka vizuri? Umekunywa chai?

BIBI: Saa nne hii unaniuliza kuamka? Nimeshafua shuka kumi na mbili. Mbona panavuma hapo ulipo? Uko sokoni?

KALAMU: Niko kazini. Wanapanga viti. Kuna kikao... mambo ya ofisi tu. Nimetoka hapa barazani niongee na wewe.

BIBI: Haya. Tena vizuri umepiga wewe, maana mimi nilikuwa natafuta vocha nikupigie. Ngoja nipande kwenye ndoo yangu, mtandao unakwaruza. [Ndoo inapinduliwa.] Unanisikia?

KALAMU: Nakusikia. Bibi, usipande ndoo, utaanguka.

BIBI: Wiki hamsini na sita nimeipanda, leo ndiyo nianguke?

KALAMU: Mtandao bado unakwaruza?

BIBI: Nimesema wiki hamsini na sita. Hiyo hesabu huijui?

KALAMU: ...Umesoma ripoti.

BIBI: Nimeisoma. Jana jioni Fundi Cherehani alikuja hapa kwenye kamba, hakuniamkia. Akatoa vitambaa vyake kimoja kimoja, akavikunja. Nikamwambia, jirani, hivyo bado vibichi. Akasema, nenda ofisi ya mtaa, kwenye ubao, umetajwa. Miaka thelathini na moja tunaanika kamba moja mimi na yule, Kalamu. Akaondoka na vitambaa vinadondosha maji.

KALAMU: Bibi, nilitaka kukueleza kabla—

BIBI: Nikaenda. Nikakuta makaratasi yamebandikwa, na mimi niko ukurasa wa kumi na moja. Nikanakili kwa penseli, nyuma ya orodha ya shuka za nyumba ya wageni. Darasa la saba langu halijaoza. Nikusomee?

KALAMU: Naijua, Bibi. Niliiandika mimi.

BIBI: Nakusomea. Uisikie kwa mdomo wangu, maana wewe umesikia mdomo wangu ukaenda kuuandika. "Mkazi mmoja wa kike, dobi kwa kazi, anayeishi mita mia nne kutoka kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji, aliulizwa kila wiki, kwa wiki hamsini na sita, kuhusu hali ya shuka nyeupe anazoanika nje. Katika wiki zote alithibitisha kwamba shuka zilitoka nyeupe. Kwa sababu hiyo, tanuru la pili linaweza kujengwa bila kichujio kwa sasa." Nimekosea neno?

KALAMU: Hujakosea. Lakini sikuandika jina lako.

BIBI: Mtaa huu una madobi wangapi?

KALAMU: Bibi...

BIBI: Hesabu. Si ndiyo kazi uliyosomea? Mtaa huu, madobi wangapi?

KALAMU: Mmoja.

BIBI: Mmoja. Ana mguu mmoja mbovu na mjukuu afisa wa mazingira kiwandani. Ungeongeza na picha yangu tu.

KALAMU: [Anapumua.] Haikuwa kwa nia hiyo.

BIBI: Hapa palipoandikwa "aliulizwa." Nani aliniuliza?

KALAMU: Mimi.

BIBI: Lini?

KALAMU: Jumapili. Nikikupigia.

BIBI: Kumbe ulikuwa unaniuliza. Mimi nilidhani unanijulia hali.

KALAMU: Nilikuwa nakujulia hali pia.

BIBI: Pia! [Anacheka kidogo, kicheko hakina meno.] Hiyo "pia" umeitoa wapi, mwanangu? Mzee mzima nakatisha kazi, napanda juu ya ndoo, jirani ananishikilia nisianguke. Nampigia kelele, "Nyamaza, mjukuu wangu kanipigia!" Wewe unasema, "Bibi, mguu unaendeleaje? Na shuka zimetokaje?" Na mimi najibu kwa madaha yote, "Nyeupe, mwanangu, nyeupe pe!" Upande wa pili una kalamu mkononi.

KALAMU: Nilihitaji takwimu za mtaani. Mtu anayeaminika. Nikawaza, nani anajua weupe kuliko wewe? Nilikuuliza, ukajibu. Sikuweka neno ambalo hukulisema.

BIBI: Hukuweka. Hilo ndilo lililonikalisha chini jana. Maneno ni yangu kabisa.

KALAMU: Basi—

BIBI: Basi nini? Wewe ulikuja kwangu una miaka minne, mama yako kakuacha pale mlangoni na kifurushi. Umelelewa kwenye beseni langu. Umeota meno umeshika kipande cha sabuni, ukakiuma. Umesuuza, umekamua, umebeba vibanio mdomoni kama ndevu. Niambie: dobi akiulizwa kama nguo zake zimetoka safi, anajibu nini? Mwenye nyumba ya wageni akinipigia saa hii, "Bibi, shuka zimetokaje?", namjibu nini?

KALAMU: ...Nyeupe.

BIBI: Hata kama?

KALAMU: Hata kama ziko beseni bado.

BIBI: Hata kama ziko beseni bado! Dobi hasemi shuka yake ina doa. Akisema, kesho anafua za nani? Anasema nyeupe, halafu anarudi kuifua mpaka iwe kama alivyosema. Hilo mtu wa mbali angeweza kutolijua. Angekuja na karatasi zake, akaniuliza, nikamjibu, akaandika, nisingemlaumu. Lakini wewe, Kalamu. Wewe ulijua.

[Mtandao unakwaruza. Huko kwa Kalamu mtu anapiga kipaza sauti kwa kidole, puu, puu.]

KALAMU: Nilijua.

BIBI: Sema tena, kuna kelele.

KALAMU: Nilijua, Bibi. Nilijua unazifua mara mbili.

BIBI: Sawa. Angalau hilo umelisema. [Anashuka kwenye ndoo, anaikalia.] Nizianike asubuhi, ikifika saa sita zimeshaota vumbi, kijivu, ukipitisha kidole unaandika jina lako. Nazikung'uta, nazirudisha majini. Mara ya pili naanika ndani. Nalala chini ya shuka za watu zinanidondoshea maji usoni, kama nimelala mvuani. Hivyo ndivyo zinavyotoka nyeupe.

KALAMU: Hukuwahi kuniambia za kuanika ndani.

BIBI: Hukuwahi kuuliza. Uliuliza zimetokaje. Na haya, tuache hilo. Ukurasa wa kumi na mbili nao?

KALAMU: Umenakili na wa kumi na mbili?

BIBI: Penseli ilikuwa bado na ncha. "Matumizi ya mkaa kwa wakazi na biashara ndogo yamepanda. Kwa mfano, biashara moja ya kufua imetoka gunia moja kwa mwezi hadi mawili, dalili ya kukua kwa uchumi kulikoletwa na kiwanda. Moshi wa mkaa huo ndio unaopaswa kuangaliwa kwanza." Huyo ni nani tena?

KALAMU: Ni... ni mfano tu.

BIBI: Ni mimi! Uliniuliza, "Bibi, mkaa siku hizi unatumia magunia mangapi?" Nikajibu mawili, tena nikashukuru kimoyomoyo. Nikasema mwenzangu amenionea huruma, ataniletea gunia. Mwezi mzima nachungulia barabarani kama gari la mkaa linakuja!

KALAMU: Bibi, jamani...

BIBI: Nacheka mwenyewe. Shuka ileile, nachemsha maji mara mbili, mkaa mara mbili, sabuni mara mbili, na malipo ni ya mara moja. Wewe umeandika nimekua. Nina miaka sabini na mbili, nimekonda mpaka pete ya babu yako nimeifunga uzi isidondoke, na imeandikwa kwenye ubao wa serikali kwamba ninakua!

KALAMU: Ndivyo hesabu zinavyokwenda. Matumizi yakipanda, mauzo yakipanda, uchumi umekua. Siyo mimi niliyetunga.

BIBI: Hata kama ninachonunua ni cha kuondolea uchafu wenu?

KALAMU: Hesabu haiulizi ni cha nini.

BIBI: Na wewe je? Wewe una mdomo. Hukuuliza?

KALAMU: Bibi, naomba unisikilize kidogo. Usikate.

BIBI: Sikati, simu umelipia wewe. Sema.

KALAMU: Kabla ya kiwanda, mtaa ule ulikuwa na nini? Nyumba ya wageni ilikuwepo? Barabara ilikuwepo? Zahanati ile ya udongo, mvua ikinyesha wagonjwa wanahamishwa. Leo ina ukuta. Ukuta wa saruji yetu.

BIBI: Sijakataa. Na sakafu yangu ni saruji hiyohiyo. Nakanyaga, nafurahi.

KALAMU: Na shuka unazofua wanalalia nani? Mafundi wa kiwanda, madereva wa kiwanda. Tanuru likizimwa hata hizo shuka huzioni.

BIBI: Hilo nalijua kuliko wewe.

KALAMU: Sasa ndiyo uone. Nchi zote zilizotajirika zilipita hapa tulipo. Zilichoma makaa, zilichoma mafuta, hakuna aliyezishika mkono. Zimeshashiba, zinatugeukia sisi, "Jamani, moshi wenu!" Sisi tunachotoa ni tone. Tukae bila daraja, bila ukuta, ili nani apumue?

BIBI: Fundi Cherehani.

KALAMU: Nini?

BIBI: Umeuliza ili nani apumue. Fundi. Anakohoa mpaka sindano inatoka nje ya mstari. Gauni za maharusi anazishonea ndani ya nailoni kama anapasua mgonjwa. Siku zote ananiambia, "Mimi nikisema watasema ni ugonjwa wangu. Wewe dobi ukisema, shuka zitakuwa shahidi." Alikuwa ananitegemea mimi.

KALAMU: Namsikitikia, kweli. Lakini mimi nazungumzia hewa ya ukaa, kitu kingine. Ile haionekani, haichafui shuka. Hata kichujio hakiizuii, kinazuia vumbi tu.

BIBI: Nayo inafanya nini hiyo isiyoonekana?

KALAMU: Inapasha dunia joto. Mvua zinavurugika.

BIBI: Kumbe mna uchafu wa aina mbili. Mmoja ninao beseni hapa, wa pili hauna hata sabuni. Huo wa pili kabishaneni na hao matajiri wenu, mimi sina nauli ya kwenda huko. Mimi naomba kimoja tu: kichujio. Nimesema tanuru lisijengwe? Nimesema?

KALAMU: Hujasema.

BIBI: Nijibu basi. Kwa nini mjenge la pili bila kichujio?

KALAMU: Kwa sababu kichujio ni ghali, Bibi, na tukikiweka mwanzoni tanuru lenyewe halijengwi. Ngoja... chora mlima kichwani mwako. Sawa? Nchi ikiwa maskini, moshi ni kidogo, iko chini ya mlima. Ikianza kukua, moshi unapanda. Inafika kileleni. Ikishatajirika, inanunua vichujio, mitambo mizuri, moshi unashuka upande wa pili. Tulifundishwa hivyo chuoni.

BIBI: Nimeuchora. Sisi tuko wapi kwenye huo mlima?

KALAMU: Bado tunapanda.

BIBI: Kileleni tunafika lini?

KALAMU: Inategemea... mambo yakienda vizuri, miaka ishirini na tano. Thelathini.

BIBI: Na kuna nchi imepanda, ikashuka, hiyo isiyoonekana nayo ikashuka?

KALAMU: Kuna zinazojaribu. Wengine wanasema vumbi ndilo hushuka, hiyo nyingine... bado wanabishana.

BIBI: Kwa hiyo umeniambia nipande mlima ambao hata walimu wako hawana hakika kama una upande wa pili. Mimi mguu mbovu, na Fundi kifua kimebana. Thelathini jumlisha sabini na mbili, hesabu hiyo sihitaji chuo.

KALAMU: [Kwa sauti ndogo.] Usiseme hivyo.

BIBI: Basi, mwanangu, acha niende. Saa hizi nikasuuze, nioge, nipitie kwa Fundi tukae vizuri kabla ya mkutano wa tanuru. Saa nane uwanja wa shule, au siyo?

KALAMU: Unataka... unataka kusema kwenye mkutano?

BIBI: Ndiyo. Nimeacha shuka moja. Nimeifua jana mara moja tu, nikaianika, nikaitoa hivyohivyo na vumbi lake, nikaikunja. Nitaifungua mbele ya watu. Nitasema: mimi dobi, kwa wiki hamsini na sita nimesema uongo. Shuka zangu hazitoki nyeupe.

KALAMU: Bibi! Mwenye nyumba ya wageni atakuwepo. Ukisema hivyo umejimaliza mwenyewe!

BIBI: Najua. Atatafuta dobi mwingine wa mbali na bomba. Sijalala vizuri kwa ajili ya hilo, usinikumbushe. Haya, kwaheri.

KALAMU: Subiri! Bibi, usikate. Tafadhali.

BIBI: Kuna nini tena?

KALAMU: Sijaku... sijakuomba msamaha.

BIBI: Omba basi, nina shuka majini.

KALAMU: Nisamehe. Kwa Jumapili zile.

BIBI: [Anapumua.] Nimesikia. Utautoa ukurasa wa kumi na moja?

KALAMU: Nitaongea na Mkubwa wangu wa kazi.

BIBI: Nikisimama leo, utasema unanifahamu?

KALAMU: Nita... Bibi, ukiwa kazini kuna utaratibu.

BIBI: Utaniita "mkazi."

KALAMU: Bibi—

BIBI: Haya. Mkazi anakwenda kusuuza.

KALAMU: Nitegee kitendawili.

BIBI: Nini wewe?

KALAMU: Nitegee kitendawili kimoja. Kama zamani, tukikunja shuka mimi huku wewe kule. Tangu nianze hii kazi hujanitegea hata kimoja. Kimoja tu, halafu uende.

BIBI: Kalamu, una wazimu. Nimekasirika na wewe hivi, unataka vitendawili?

KALAMU: Ndiyo maana nataka.

BIBI: [Sauti yake inalegea, bila mwenyewe kutaka.] Mtundu wewe. Toka mdogo ukivunja kitu unakimbilia vitendawili. Haya. Kitendawili!

KALAMU: Tega!

BIBI: Nina mgeni hajui mlango. Haji kula, haji kulala. Akiondoka ananiachia kanzu yake niifue.

KALAMU: Moshi.

BIBI: Mpumbavu gani angeshindwa hicho! Hicho nimekutega kwa huruma.

KALAMU: [Anacheka.] Kingine, Bibi. Kigumu.

BIBI: Ulisema kimoja.

KALAMU: Hicho kilikuwa cha huruma, hakihesabiwi. Kigumu sasa.

BIBI: Unaona! Umeshaanza ubishi wako. Kitendawili!

KALAMU: Tega!

BIBI: Nampakata hana uzito, nampigia kelele hanijibu, nikimwita jina kila mtu hapa anatazama juu.

KALAMU: Mtoto... hapana. Ndege? Jua?

BIBI: Jua linapakatwa?

KALAMU: Lingepakatwa lingechoma shuka. Mvua! Mawingu!

BIBI: Unapiga risasi gizani! Hata ukiwa na miaka sita ulikuwa na akili kuliko hivi. [Anacheka mpaka anakohoa.] Umeshindwa?

KALAMU: Nimeshindwa.

BIBI: Nipe mji.

KALAMU: Nakupa... mji mkuu! Wenye taa zote, na maghorofa.

BIBI: Siutaki. Una kelele na hauna pa kuanika.

KALAMU: Nakupa mji wa pwani.

BIBI: Chumvi inaharibu kamba. Nipe huu.

KALAMU: Upi?

BIBI: Huu wetu. Huu mtaa, na kamba yangu, na Fundi, na bomba lenyewe. Nipe huu, nikupe jibu.

KALAMU: Taja mwingine, Bibi.

BIBI: Wewe! Ni mchezo tu, hautolewi kweli. Nipe huu.

KALAMU: Huo siwezi, Bibi.

BIBI: Kwa nini huwezi?

[Huko kwa Kalamu kipaza sauti kinalia, sauti ya mwanamume inasema maneno yasiyoshikika. Kisha makofi. Mengi, ya watu wengi, yanaingia kwenye simu kama mvua juu ya bati.]

BIBI: Kalamu.

KALAMU: Bee.

BIBI: Makofi hayo ya nini?

KALAMU: Ni... kikao.

BIBI: Kikao cha ofisi kina kipaza sauti?

KALAMU: Bibi, nisikilize—

BIBI: Uko wapi hapo?

KALAMU: Ukumbi wa kiwanda.

BIBI: Na hicho ni kikao cha nini?

KALAMU: Mkutano ulirudishwa nyuma, ukahamishiwa hapa. Badala ya saa nane, saa tatu. Tangazo lilibandikwa asubuhi.

BIBI: Asubuhi ipi? Ya leo?

KALAMU: Ya leo. Saa moja.

BIBI: Juu ya ubao uleule?

KALAMU: Ndiyo.

BIBI: Nani aliliona saa moja? Sisi wote tunajiandaa kwa saa nane. Fundi ameshapiga pasi gauni... Hao wanaopiga makofi ni nani?

KALAMU: Wafanyakazi. Na wajumbe wawili wa mtaa, walifuatwa na gari.

BIBI: Na mmeamua nini?

KALAMU: Imepita, Bibi. Tanuru la pili.

BIBI: Kichujio? Nauliza kichujio, Kalamu.

KALAMU: Bila.

[Bibi anaiondoa simu sikioni, anaiangalia, anairudisha. Upande wa pili bado wanapiga makofi, machache sasa.]

BIBI: Saa nne kasoro kumi ulinipigia.

KALAMU: Ndiyo.

BIBI: Wakati mkutano unaendelea.

KALAMU: Ndiyo, Bibi.

BIBI: Hukupiga kuomba msamaha.

KALAMU: Nilipiga kuomba msamaha pi... Nilitaka. Kweli nilitaka. Lakini Mkubwa alijua umenakili, kuna mtu alikuona kwenye ubao. Akasema yule bibi yako asifike hapa leo. Wakaweka mlinzi getini. Sikutaka akushike mkono, Bibi. Sikutaka akusukume mbele ya watu, na mguu wako. Nikasema nitampigia mimi. Nikasema nitamweka kwenye simu. Ilikuwa nusu saa tu.

BIBI: Na vitendawili?

KALAMU: [Analia.] Ulikuwa unataka kukata.

BIBI: Nilikuwa nataka kukata, ndiyo.

KALAMU: Nisamehe. Bibi, nitakutafutia nyumba mbali na bomba. Nitakuhamisha. Mwisho wa mwezi huu, naapa.

BIBI: Na Fundi utamhamisha? Na wale wa nyuma ya shule?

KALAMU: Bibi... wananiita ndani. Natakiwa kusaini.

BIBI: Nenda kasaini. Si ndiyo kalamu.

KALAMU: Usikate hivyo. Sema kitu. Nitukane.

BIBI: Sina nafasi. Nakwenda kwa Fundi.

KALAMU: Sasa hivi?

BIBI: Mguu huuhuu, na povu langu. Aisikie kwangu kabla haijamfikia kwa mdomo wa mwingine.

KALAMU: Subiri kidogo, Bibi, utamwambia nini?

BIBI: Nitamwambia saa ile wanapiga makofi mimi nilikuwa kwenye simu, nacheka. Kwaheri.